Muulize Kitunguu

Sidhani kama kuna mto nchini unaotajwa redioni mara nyingi kuliko Msimbazi, na karibu wote wanaoutaja hawafikirii maji hata tone. Wekundu wa Msimbazi wamefunga, Wanajangwani wamesawazisha, basi. Timu ya Simba ilipewa jina la utani la mtaa uliopewa jina la mto, na Yanga wakapewa jina la bonde ambalo mto huohuo hulifurika kila masika ikizidi. Mimi ni mzaliwa wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na kazi niliyoifanya mpaka kustaafu ni ya maabara: kuosha vyombo, kupima, kuandika namba, kuosha tena. Kwa hiyo jirani yangu akipiga kelele za Msimbazi siku ya mechi, mimi akili yangu inakwenda mtoni.

Wenyewe si mto mrefu. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unateremka kilomita 35 hivi ukipokea vijito vya Ubungo na Sinza, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, unapita Tabata na Kigogo, unatanuka Jangwani, halafu unaingia baharini chini ya Daraja la Salenda. Kariakoo imekaa juu kidogo. Mvua ikinyesha, mitaro yetu mingine inamwaga upande wa Jangwani, mingine inamwaga upande wa Gerezani na kuishia kwenye mkono wa bahari karibu na bandari. Maji hayo hayaendi peke yake. Yanakwenda na oili chafu ya gereji, asidi ya betri, rangi za nguo, maji ya madobi, dawa za kunguni na za panya zinazouzwa kwa vipakiti visivyo na maandishi, na vumbi la matairi ya daladala, bajaji na bodaboda zinazobanana mitaa ya Msimbazi na Uhuru tangu alfajiri. Orodha kamili hakuna aliyenayo. Shida inaanzia hapo, kwa sababu maabara ya kemia inafanya kazi kwa orodha.

Ukimpelekea mkemia chupa ya maji, swali lake la kwanza ni: unataka nikupimie nini? Ukisema risasi, atakupimia risasi, na atakupa jibu hadi sehemu ndogo ya miligramu. Asichoulizwa hakipimi, na si kosa lake. Kila kitu kina mashine yake, kemikali zake na gharama yake. Hivyo ndivyo Msimbazi ulivyochunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1988 Ak'habuhaya na Lodenius walichapisha vipimo vya metali katika mto huu. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu wakapima shaba, zinki, kadimiamu na risasi kwenye mboga za majani zinazolimwa kandokando ya Msimbazi na Sinza, mchicha ukiwamo, ule unaoishia kwenye mabeseni ya akina mama sokoni. Mwaka 2010 Mwegoha na Kihampa wakapima maji na udongo wa mashamba. Ni kazi nzuri, nami nawaheshimu waliozifanya. Lakini zote zinaanza na majina yaliyochaguliwa kabla ya mtu kufika mtoni.

Viwango vyetu vya majitaka ya viwandani na mijini, TZS 860, navyo vimejengwa hivyohivyo: kila kitu na mstari wake, kila mstari na kikomo chake. Ukitimiza mistari yote umefaulu. Kemikali ambayo haina mstari inapita bila kuulizwa chochote.

Kuna shida nyingine ambayo orodha haiwezi kuiona hata ikirefushwa. Mwaka 2002, jijini London, watafiti Silva, Rajapakse na Kortenkamp walichukua kemikali nane zinazoiga homoni ya kike, kila moja wakaipunguza hadi kiwango ambacho peke yake haifanyi lolote la maana, kisha wakazichanganya. Chembe za hamira zilizotengenezwa maalumu kuitambua homoni hiyo ziliitikia waziwazi. Kila kemikali, ukiipima peke yake, ungeandika salama. Sasa fikiria mtaro wa Gerezani, ambao ndani yake hakuna kitu kinachokaa peke yake.

Njia ya pili ni kuacha kuyauliza maji majina ya vilivyomo, ukamweka kiumbe hai ndani yake na kumtazama. Anakua? Anaogelea? Mayai yake yanaanguliwa? Kiumbe hana orodha. Anapata kila kilichomo kwa pamoja, kama atakavyokipata samaki wa mtoni au mchicha wa Kigogo, na jibu lake ni moja tu: maji haya yananidhuru, na yananidhuru kiasi hiki.

Kiumbe ninayempenda kuliko wote katika kazi hii anauzwa kwa fungu.

Mwaka 1938 mwanasayansi wa Sweden, Albert Levan, alitumia mizizi ya kitunguu maji kuonyesha namna dawa iitwayo kolkisini inavyovuruga kugawanyika kwa chembe. (Ni Levan huyohuyo ambaye mwaka 1956, pamoja na Joe Hin Tjio, alitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46 na si 48 kama vitabu vilivyokuwa vikifundisha.) Mwaka 1985 Geirid Fiskesjö, naye wa huko Sweden, akaugeuza mzizi wa kitunguu kuwa kipimo rasmi cha uchafuzi wa maji. Toka hapo umetumika dunia nzima, hasa mahali ambapo fedha za mashine hakuna.

Mjukuu wangu na wenzake wa kidato cha pili waliponiomba niwaonyeshe, nilikwenda kununua vitunguu pembeni mwa soko, kwa kijana mmoja wa Mtaa wa Swahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka vidogo, vinavyolingana, visivyochipua wala kulowana."

"Vidogo wanachukua wa chipsi, vya kachumbari. Wewe chukua hivi vikubwa, mama. Mang'ola hivi."

"Siendi kuvila. Nina kazi navyo."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kazi gani tena, mama? Usije ukaniroga hapa."

Nikamwambia navipeleka shule, akacheka, akanichagulia kimoja kimoja mwenyewe. Udogo na kulingana si mbwembwe: kitunguu kikubwa kina akiba nyingi ya chakula na ya maji, na vikitofautiana sana hutajua kama kilichochelewa kuota kimeumizwa na maji au ndivyo kilivyo. Toka pale nikaingia duka la dawa za asili nikanunua mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu ambayo bibi zetu walikuwa wakiipaka kwenye vidonda na wakulima wanaitumia kuua kuvu. Watoto walitaka maji ya Jangwani. Nikakataa. Mtu hujifunza kipimo kwa sumu anayoijua kwanza, na isitoshe maji yale yana vimelea ambavyo siwezi kuviruhusu kwenye meza ya watoto wa watu.

Kazi yenyewe ni hii. Unamenya maganda makavu ya nje, unakwangua kwa ncha ya kisu ile mizizi ya zamani iliyokauka kwenye kitako, bila kuumiza duara linalotoa mizizi mipya. Unakikalisha kitunguu juu ya mdomo wa kikombe kidogo, kitako kikigusa maji. Unakiweka gizani, ndani ya kabati. Maji unayabadilisha kila siku. Baada ya saa 72 unapima mizizi kwa rula. Fiskesjö aliweka vitunguu 12 kwa kila kiwango, akatupa viwili vilivyofanya vibaya kuliko vyote, akapima kumi vilivyobaki. Hiyo ni njia ya kuukubali ukweli kwamba katika kila tenga kuna kitunguu kibovu.

Safu ya kwanza tuliweka maji ya bomba yaliyokaa wazi usiku kucha ili klorini iondoke, maana klorini nayo ni sumu kwa mzizi. Safu nyingine tukaweka mrututu, mkali kwanza, kisha tukauzimua hatua kwa hatua mpaka ile rangi ya buluu ikapotea kabisa. Mjukuu wangu aliinua kikombe cha mwisho kwenye mwanga wa dirisha.

"Bibi, hiki si maji tu?"

"Ngoja kabati lifunguliwe."

Lilipofunguliwa, vitunguu vya maji ya bomba vilikuwa vimeota ndevu nyeupe, ndefu, zilizonyooka. Vya mrututu mkali havikuwa na kitu. Kitako kilikuwa kimenyamaza, kimeanza kuwa kahawia. Vya katikati ndivyo vilivyowashangaza watoto: mizizi mifupi, minene, mingine ncha imepinda kando. Na vile vya maji yaliyoonekana safi, yasiyo na rangi wala harufu, mizizi yake ilikuwa mifupi kuliko ya bomba, na mtoto yeyote aliweza kuiona tofauti kabla ya kushika rula. Shaba ndivyo ilivyo kwa mzizi. Inaumiza hata ikiwa kidogo sana.

Namba inayoandikwa kwenye ripoti ni ile ya kiwango kinachoufanya mzizi ukue nusu tu ya ulivyopaswa. Ukileta maji ya mtoni unafanya hivyohivyo: unayazimua kwa maji safi, nusu kwa nusu, robo, sehemu ya nane, mpaka ufike mahali ambapo kiumbe hajali tena. Maji yanayohitaji kuzimuliwa mara 16 ndiyo yakubalike ni mabaya kuliko yanayohitaji mara mbili. Hiyo ni namba ambayo diwani na mwenyekiti wa mtaa wataielewa bila kusoma kemia.

Mwenye darubini anakwenda mbali zaidi. Unakata ncha ya mzizi, milimita moja au mbili, unailainisha kwa asidi, unaipaka rangi, unaibana kwenye kioo. Kitunguu kina kromosomu 16 tu, kubwa, zinazoonekana vizuri hata kwa darubini ya shule. Katika mzizi wenye afya unaziona zikigawana sawasawa, nusu huku nusu kule. Katika mzizi ulioonja kemikali inayoharibu vinasaba unakuta vipande vilivyokatika, kromosomu zilizoshikana katikati zisitake kuachana, au kiini kidogo cha pembeni ambacho hakikupaswa kuwapo. Mzizi unaweza kuwa mrefu tu, na uharibifu huo umo ndani.

Lakini kitunguu hakijui kila kitu. Dawa za wadudu zimetengenezwa kushambulia mishipa ya fahamu, na kitunguu hakina mishipa ya fahamu. Unaweza kukiogesha dawa ya mende kikaendelea kuota. Kwa hizo kuna kiroboto maji, mdudu wa majini wa familia ya kamba, mdogo kuliko punje ya mtama, ambaye wanasayansi wanamwita Daphnia. Unachukua vichanga wasiozidi umri wa saa 24, angalau 20 kwa kila kiwango, unawaacha saa 48, kisha unatikisa chombo polepole. Asiyeogelea ndani ya sekunde 15 anahesabiwa ameshindwa. Dawa za jamii ya oganofosfeti, na zile zilizoigizwa kutoka kwenye pareto yetu ya nyanda za juu, zinamlaza kwa viwango ambavyo mashine nyingi zinahangaika kuvisoma. Dawa za magugu hazimgusi sana yeye. Hizo zinakamatwa na mwani wa kijani, ambao ukuaji wake unahesabiwa kwa saa 72. Wapo pia bakteria wa baharini wanaotoa mwanga wenyewe: ukiwatilia maji yenye sumu, mwanga unafifia, na unapata jibu ndani ya nusu saa. Kwa hiyo mtu wa kazi hii hatumii shahidi mmoja. Anawaita watatu au wanne, wa makabila tofauti.

Taabu ya mashahidi wa kigeni ni joto letu. Kiroboto maji wa vitabuni anataka nyuzi 18 hadi 22. Dar es Salaam ya Februari, umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, utakuta wamekufa wote, hata wale wa maji safi, na wiki nzima imepotea. Ndiyo maana nasema tuanze na vilivyopo. Pembeni tu ya bonde la Jangwani, Upanga, Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili kwa miaka mingi imekuwa ikipima ukali wa dawa za mitishamba kwa vichanga vya kijikamba cha maji chumvi, Artemia. Mayai yake huja makavu kwenye kopo, unayatia maji ya bahari, yanaanguliwa kwa siku moja au mbili, unawaweka kwenye dawa na kuhesabu waliokufa baada ya saa 24. Mikono inayojua kazi hiyo tunayo mjini. Na Artemia ana faida moja hasa kwetu: chini ya Salenda maji ya mto yanachanganyika na ya bahari, na kiroboto maji hapo atakufa kwa chumvi tu, ukaandika sumu mahali ambapo hakuna.

Chumvi si mdanganyifu pekee. Majitaka ya vyooni na ya machinjio yanamaliza hewa ya oksijeni na kuleta amonia, na vyote viwili vinaua. Mpimaji mzembe atasema kiwanda, kumbe ni choo. Na wapo wanaodanganya upande wa pili. Nimesikia mara nyingi watu wakisema mto bado mzima kwa sababu kambare wamo. Kambare anapanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe. Anaishi kwenye tope ambalo perege hawezi kulala usiku mmoja. Kumleta kambare kama ushahidi wa maji safi ni kumleta shahidi aliyeuzoea ubaya. Afadhali konokono wa mikoko: mwaka 2001 De Wolf na wenzake, wa Ubelgiji na wa hapa nyumbani, walichapisha utafiti wa metali kwenye tope la mikoko ya Dar es Salaam, ya Msimbazi ikiwamo, wakapima pia metali ndani ya konokono wa pale na maumbile ya magamba yao. Huyo hahami. Alichoandikiwa na maji kimo mwilini mwake.

Wanasheria watauliza, na wana haki: kitunguu kimelalamika, sawa, nani ashitakiwe? Kitunguu hakitaji jina. Hapo ndipo mkemia anarudi, safari hii akiwa na mwongozo. Unagawa maji yaleyale mafungu. Fungu moja unatia dawa inayozifunga metali. Sumu ikipungua, mtuhumiwa ni metali. Fungu jingine unalipitisha kwenye chujio linalonasa mafuta na dawa za viwandani. Ikipungua hapo, ni hizo. Fungu la tatu unabadilisha uchachu wake kuona kama ni amonia. Kila mara kiumbe ndiye anayesema unakaribia au unapotea. Mashine ghali inawashwa mwisho, kwa fungu moja lenye kesi.

Mfano mkubwa wa njia hii unatoka Marekani, jimbo la Washington, na unatuhusu sana sisi watu wa barabara. Samoni wa aina ya coho walikuwa wakipanda vijito vya mjini kutaga, mvua ikinyesha wanakufa kabla ya kutaga. Vipimo vya kawaida havikumpata muuaji kwa miaka mingi. Watafiti walichukua maji yaliyolowekwa vipande vya matairi, yenye kemikali zaidi ya 2,000, wakayagawa mafungu, na kila fungu wakaliuliza kwa samaki, wakatupa lisiloua na kuligawa tena lile linaloua. Mwaka 2020 walitangaza jibu katika jarida la Science: kemikali inayoitwa 6PPD-kwinoni, inayozaliwa pale kinga ya mpira ya matairi inapokutana na ozoni ya hewani. Haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Isingeweza kuwamo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitafuta. Samaki wetu si coho, na siwezi kusema kemikali hiyo inawafanya nini perege wa Msimbazi. Lakini matairi ni yaleyale, na sisi hata yakichakaa tunayavaa miguuni.

Nchi nyingine zimekwishaingiza viumbe kwenye sheria. Ujerumani tangu mwaka 2005 hupima majitaka kwa mayai ya samaki, na mwenye maji yanayohitaji kuzimuliwa zaidi hutozwa zaidi. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007, tuna baraza la mazingira, NEMC, tuna Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ambayo Msimbazi uko chini yake. Sioni sababu mistari ya orodha isiongezwe mmoja unaosema: na mzizi wa kitunguu uote.

Ningeanzia kwenye tope. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022, unabadilisha Jangwani: nyumba zimeondolewa, daraja jipya linajengwa, mto utachimbwa upate nafasi, na kwenye michoro kuna bustani ya watu kupumzika. Tope litakalotolewa limekaa pale likipokea mitaro yetu kwa vizazi viwili au vitatu, na litamwagwa mahali fulani, labda kujazia kiwanja, labda karibu na kisima cha mtu. Lipimwe metali, ndiyo. Lakini pia lilowekwe, maji yake yachujwe, yapewe kitunguu, Artemia na mwani, kila gari kadhaa za tope, kabla dereva hajaambiwa pa kumwaga. Na kwa upande wa maji, sampuli zichukuliwe mvua ya kwanza ya vuli, ndani ya saa ya kwanza, mitaro ya Kariakoo inapotoa uchafu wa kiangazi chote. Zichukuliwe kwa chupa za kioo, ziwekwe kwenye barafu, zifike maabara siku hiyohiyo. Ukisubiri mvua ikatike upate mahali pakavu pa kusimama, utapima maji ya mvua tu.